Sarafu ya Kaburi la Mwinyimvua

Nchi yetu ni nzuri, na anayebisha aje nimwoneshe. Jina lake silitaji kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na afisa wa vibali haonekani ofisini, kila siku kafiwa na shangazi. Ila mkisikia watu wa nje wanasimulia kwamba iko nchi ambako maiti alikamatwa akawekwa rumande, msihangaike kuuliza ni wapi. Ni kwetu. Na wala hatuoni haya, maana alikamatwa kwa kufuata sheria.

Kwanza niwape historia yetu, haichukui muda. Hapo zamani palikuwa na pori. Kisha Baba akaja, akakaa kwenye kiti. Basi. Kitabu cha darasa la kwanza kinasema hivyo, na cha chuo kikuu kinasema hivyohivyo, isipokuwa jalada lake ni gumu zaidi. Baba ndiye aliyeleta maji, barabara, Jumatatu na pesa. Kila sarafu yetu ina kichwa chake, anatazama kulia, shavu limejaa. Ukinunua chumvi unamtoa Baba mfukoni, ukirudishiwa chenji anarudi Baba mdogo zaidi.

Sasa rafiki yangu Mwinyimvua alikuwa fundi mwashi kama mimi. Tulijenga pamoja tangu ujana wetu, nyumba za watu wengine. Kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto alikiacha chini ya jiwe la msingi la Wizara ya Utambuzi siku ya kuliweka, na jiwe lenyewe limeandikwa kwamba limewekwa na Baba kwa mikono yake mwenyewe. Mwinyimvua hakulalamika. Alisema angalau sehemu yake moja imepata kazi serikalini.

Akafa kifo cha kawaida cha kwetu: aliumwa, akapangwa foleni hospitali, akafia kwenye foleni. Jirani yake wa nyuma akasogea mbele.

Mkewe, Bi. Siwatu, aliniita ukumbini asubuhi ile, macho yamevimba lakini sauti imetulia. "Shemeji Chande," akaniambia, "mwenzako sitaki alale juu ya ardhi. Joto lenyewe unaliona. Nataka azikwe kabla ya alasiri, na azikwe kama mtu. Sina ombi jingine."

Nikamwambia, "Shemeji, hilo tu? Hilo niachie mimi."

Yaani mdomo wangu huu!

*

Kwetu maiti hatoki nyumbani mpaka wachimbaji walete habari kwamba kaburi li tayari. Mwinyimvua alikuwa kishaoshwa, kishavikwa sanda, kalazwa kitandani anasubiri habari yetu. Kule kaburini tulikuwa tumefika kifuani, nami nimeanza kuuchonga mwanandani, ule upande wa kumlaza, jembe likagonga kitu. Nikakiokota, nikakisugua kwenye suruali. Sarafu. Nyeusi kwa uzee, ukingo umelika, na katikati kichwa cha mtu.

Nawaambieni kweli. Kichwa kile kilikuwa kinatazama kushoto.

Laiti ningeimeza. Lakini katika kila maziko yetu huwapo watu wawili watatu ambao wanalia kuliko wafiwa, na hao ndio wa usalama. Mmoja akanyamaza kulia ghafla, akafuta makamasi, akanyoosha mkono. "Lete hapa, mzee."

Sheria yetu iko wazi: kitu kikitoka ardhini, hakuna kitu kingine kuingia ardhini mpaka hicho kitambuliwe. Kaburi likazungushiwa kamba nyekundu. Na kwa kuwa lilichimbwa kwa jina la Mwinyimvua, vilivyomo ni vya Mwinyimvua, kwa hiyo Mwinyimvua alikutwa na pesa yenye kichwa cha mtawala mwingine. Hilo kosa, jamani, hata mtu aliye hai hakai nalo salama, sembuse maiti.

Wakaja nyumbani kumkamata. Askari wa watu alikuwa na adabu, alivua viatu mlangoni. Akasoma mashtaka kwa sauti, akamwuliza mtuhumiwa kama ana la kusema, akasubiri. Kisha akamfunga pingu, mkono mmoja na upande wa machela waliyokuja nayo.

Bi. Siwatu akapiga ukelele. "Mnamfunga maiti! Jamani! Mnamfunga pingu maiti!"

"Mama, ni utaratibu," askari akamwambia kwa upole. "Siku hizi wengi wanajisingizia kufa."

Bi. Siwatu akataka angalau aanze kukaa eda kama wajane wenziwe. Akaambiwa asubiri, serikali bado haijaamua kama mumewe amekufa au amekimbia mashtaka. Chumba cha maiti cha polisi kilikuwa kimejaa, kwa hiyo Mwinyimvua akapelekwa kwenye jokofu kuu la samaki la taifa. Lile lina jenereta yake, kwa sababu samaki wanauzwa nje.

*

Labda hamjui sisi tunavyotambua vitu, maana kwenu huko naambiwa mtu anakitazama kitu, halafu ndiyo anasema ni nini. Huo ni ushamba. Kwetu afisa hakitazami kitu kabla hajajua mkubwa wake amekitambua kuwa nini, asije akaona tofauti. Sarafu iliwekwa kwenye sinia, sinia likafunikwa kawa kama chakula cha mgeni, likaanza kupanda ghorofa. Karani hakulifunua, akalipeleka kwa bwana mkubwa. Bwana mkubwa hakulifunua, akalipeleka kwa mkurugenzi. Kila mmoja alikuwa anaandika hivi: nimeipokea, sijaiona.

Bi. Siwatu alipanda nyuma ya sinia, ghorofa kwa ghorofa, mimi namshika mkono kwenye ngazi. Kila mlango ulipofunguliwa aliuliza lilelile: "Baba yangu, nitampata lini mume wangu nikamzike?" Na kila mlango ulimjibu kwamba suala lake linashughulikiwa. Siku zikapita hivyo. Usiku analala kwa dada yake, asubuhi yuko kwenye ngazi, na kanga yake ikaanza kunuka vumbi la serikali.

Mwisho sinia likafika kwa Waziri wa Utambuzi mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Dakta Mtepa. Udakta mmoja kapewa na Baba, wa pili kajipa mwenyewe kwa kumshukuru Baba kwa ule wa kwanza. Naye akakwama, maana juu yake alibaki Baba peke yake, na Baba alikuwa hajisikii vizuri. Ikabidi aagize mtaalamu.

Mtaalamu wa mambo ya kale tunaye mmoja, Profesa Ngwali, naye yuko gerezani tangu siku aliposema darasani kwamba huenda palikuwa na watu kabla ya Baba. Wakamtoa, wakamwogesha, wakampa chai. Sisi tulikuwa kwenye benchi la ukutani, Bi. Siwatu kama mfiwa, mimi kama mvumbuzi. Kawa likafunuliwa. Profesa akaishika sarafu, na wallahi uso wake uling'aa kama mtu aliyeonana na ndugu yake. Akasoma maandishi yaliyozunguka ukingo, midomo inamcheza.

"Ni ya mfalme," akasema. "Mfalme wa tatu wa mji uliokuwa hapahapa. Karne nyingi zimepita."

Waziri akakohoa. "Kwa hiyo kabla ya Baba walikuwapo watatu?"

"Angalau," Profesa akajibu.

Ndiyo tabu ya kusoma sana, mtu anasahau kunyamaza. Walimnyang'anya kikombe chai ingali nusu, wakamrudisha. Alipopita kwenye benchi letu alimtazama Bi. Siwatu akasema, "Pole sana, dada." Ni mtu pekee katika jengo lile zima aliyempa pole.

*

 Waziri akainuka, akaitoa picha ya Baba ukutani, akaiweka mezani karibu na sarafu. Akawaita maafisa wake wote.

"Ndugu zangu," akasema, "taaluma imeshindwa, tunarudi kwenye uzalendo. Pua ya sarafu hii imelika. Je, pua ya Baba haiwezi kulika? Nani mwenye ujasiri wa kusema pua ya Baba haiwezi kulika?" Hakuna aliyekuwa nao. "Basi nauliza tu swali la kawaida, kila mtu ajibu kwa uhuru wake. Huyu si Baba?"

Akaanza na mkurugenzi. Mkurugenzi akainama, akatazama, jasho likadondokea kwenye meza. "Ni Baba." Bwana mkubwa: "Ni Baba kabisa." Karani hata hakuinama: "Nilimjua tangu kwenye kawa."

"Ila anatazama kushoto," mtu mmoja wa nyuma akanong'ona, kisha akaziba mdomo.

"Anatutazama sisi," Waziri akamjibu. "Zama hizo tulikuwa upande huo."

Wakapiga makofi. Waziri akamgeukia Bi. Siwatu, sauti yake imekuwa asali. "Na wewe mama, mwananchi wa kawaida, uliyefika hapa bila shinikizo lolote. Huyu si Baba?"

Bi. Siwatu aliitazama sarafu, akanitazama mimi, akamtazama Waziri. Alikuwa amechoka mpaka rangi imemtoka. "Mkisema ni Baba, ni Baba," akasema. "Nipeni mume wangu."

Mtume! Waziri alilia machozi. Akatoka mbio mpaka kwenye roshani akawatangazia waandishi kwamba mwanamke wa mtaani, asiye na shahada hata moja, amemtambua Baba kwenye sarafu ya kale. Kwa hiyo Baba alitawala zamani, akatawala tena, atatawala daima. Kwa hiyo Baba hafi. Bunge likakaa jioni ileile likapitisha Sheria ya Umilele kwa vigelegele, na mtu akithubutu kusema Baba amekufa, au atakufa, au anaweza kufa, adhabu yake ni hicho anachokisema.

Siku ya pili nikampeleka Bi. Siwatu kudai alichokiomba. Tukaambiwa kaburi la mumewe sasa ni Chimbuko la Taifa, hairuhusiwi kuzika mtu humo wala kulifukia, litawekewa taa.

"Lichukueni," Bi. Siwatu akasema. "Nitachimba jingine. Nipeni yeye tu."

"Marehemu ni kielelezo cha taifa, mama. Anaachiwa kwa saini ya Baba mwenyewe."

"Na Baba atasaini lini?"

"Ana umilele mzima mbele yake," yule bwana akajibu. "Haraka ya nini?"

Alipofika nje Bi. Siwatu alikaa chini kwenye ngazi, akajifunika kanga usoni, akalia kwa mara ya kwanza mbele yangu. "Mimi ndiye niliyesema ndiyo, shemeji," akasema. "Nilisema ndiyo ili nimpate." Nikakaa kando yake kwenye ngazi. Mimi ndiye niliyemwambia aniachie.

*

Kisha redio ikaanza kupiga muziki wa bendi ya jeshi kutwa nzima, bila taarifa ya habari, bila matangazo ya sabuni. Mahali pengine watu wangeshuku jambo. Sisi tulijua sheria, tukawa tunacheza.

Wiki ile ikaisha. Siku moja, adhuhuri, gari jeusi likasimama mlangoni kwa Bi. Siwatu. Akashuka Waziri Mtepa mwenyewe, macho mekundu, shati halikupigwa pasi.

"Hongera mama," akasema. "Baba kwa huruma zake amemwachia mumeo. Anazikwa leo, sasa hivi, kwenye kaburi lake la mwanzo. Na wewe utakuwapo, ulie. Kamera zitakuja."

Wanawake wetu hawaendi makaburini, lakini nani wa kubisha? Sanduku lilikuwa la mninga, limepigiliwa misumari, na wabebaji wanne walikuwa wanahema. Mwinyimvua nilimjua, alikuwa mwembamba, mfuko wa saruji ulimzidi uzito. Tena lilikuwa linanukia marashi ya ghali, na chini ya marashi kulikuwa na harufu nyingine ambayo si ya mtu aliyekaa kwenye jokofu.

Wakataka tulizike sanduku zima. Hapo tukagoma, hata sisi. Kwetu maiti halazwi na misumari. Mtu wake wa karibu hushuka, humlaza ubavu wa kulia, humfungulia mafundo ya sanda, shavu lake likapata udongo. Watu wakaanza kunung'unika, na Waziri akatazama kamera, akatazama saa. "Haraka basi," akasema. "Na asifunuliwe uso."

Sanduku likafunguliwa, nikashuka mimi. Nikafungua fundo la miguuni, nikafungua la kiunoni, mkono wa kushoto ukateleza nje. Nikauangalia ule mkono. Laini kama wa mtoto, kucha zimekatwa vizuri, alama ya pete, na kidole kidogo kipo. Nikafikiri, ama kweli serikali yetu inaweza mambo, mtu amekufa hana kidole, amekaa rumande kimeota! Nikafungua fundo la kichwani, maana lazima lifunguliwe, na sanda ikasogea kidogo tu shavuni. Uso wote sikuuona. Wala haikuwa lazima, shavu lile limejaa mfukoni mwangu miaka yote.

Nilipanda, nikajipangusa udongo. Bi. Siwatu akanisogelea.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Mkono wa kushoto?"

"Vidole vyote vipo, shemeji."

Akanielewa palepale. Akamtazama Waziri, na Waziri akatazama chini. Pale Bi. Siwatu angepiga kelele neno moja tu, sijui leo nchi yetu ingekuwaje, au sisi tungekuwa wapi. Watu walikuwa wanasubiri, majembe mikononi, na harufu inazidi kupanda.

"Fukieni," akasema. "Maiti ni maiti. Mimi simfanyii mtu haya niliyofanyiwa."

Tukamfukia. Ile kazi sijawahi kuona inafanywa kwa moyo vile, sijui ni nini kiliwaingia watu. Wazee ambao hawainuki bila fimbo walisukuma udongo kwa mikono, askari akaweka bunduki chini akaomba jembe. Tulivyomaliza hapakuwa hata na tuta, tulikuwa tumeshindilia.

*

Mambo mengine nilikuja kuambiwa na mpishi mmoja wa Ikulu, ambaye sasa hapatikani. Baba alikuwa amekufa kitandani, lakini hakuna aliyeweza kusema. Daktari alisubiri mkuu wa madaktari aseme, mkuu wa madaktari akamsubiri Waziri, na Waziri alikuwa ametunga ile sheria mwenyewe. Waliendelea kumpelekea chai. Kisha umeme ukakatika, kama unavyokatika kwa sisi wote, na chumba kikashindwa kukalika. Wakakumbuka kwamba liko jokofu la samaki lenye jenereta, na ndani yake yumo mzee mmoja amehifadhika vizuri sana, amekaa tu, hana kazi.

Sikukuu ya Umilele tuliitwa wote uwanjani. Roshani ikafunguliwa, Baba akatolewa amekaa kwenye kiti chake, miwani myeusi, kanzu ya dhahabu, glavu nyeupe. Alikuwa amepungua sana. Hakupunga mkono. Wakuu walipita kwenye mistari yetu wakiuliza kwa upole, "Huyu si Baba?" na sisi tukajibu, "Ni Baba!" mpaka sauti zikakauka.

Upepo ukavuma. Glavu ya mkono wa kushoto, kidole chake kidogo kikakunjika, kikapepea. Kilikuwa kitupu.

Bi. Siwatu alikuwa mstari wa mbele, maana ndiye shahidi wa taifa. Watu walikuwa wanapiga makofi, yeye akainua viganja viwili, akamwombea dua ya maiti kwa sauti ndogo mpaka mwisho, akajipangusa uso. Waziri alimwona midomo inacheza na machozi yanamtoka, akaamuru apewe nishani ya uzalendo.

Nikamwuliza tulipokuwa tunarudi, "Shemeji, tufanye nini?"

"Nilikuomba jambo moja tu," akanijibu. Afadhali angenitukana.

Haukupita muda zikatoka sarafu mpya za kuadhimisha. Mchoraji aliagizwa amchore Baba alivyo sasa, naye akapanda roshani akamchora alivyo. Shavu limebonyea, taya limechongoka, na kikovu cha nyusi alichokipata rafiki yangu siku ubao wa jukwaa ulipoanguka tukijenga soko. Nchi nzima inazo mfukoni. Hakuna aliyesema kitu, maana sote tulishaulizwa.

Bi. Siwatu akaipata moja dukani, kwenye chenji ya mchele. Akaja nayo kwangu ameifumbata, akanifungulia kiganja. Nilipoiona nililia, sikujizuia.

"Nichimbie," akasema.

Kuzika pesa ya Baba ni kosa la kunyongwa, lakini nilichukua jembe. Nilichimba uani kwake, nyuma ya jiko, kaburi la urefu wa mkono, na mwanandani wake nikauchonga kwa kisu. Yeye akaiosha kwa maji ya uvuguvugu, mara tatu, akaifunga kwa kipande cha bafta nyeupe, mafundo matatu. Nikailaza, nikayafungua mafundo. Tukaiombea, tukafukia, tukamwagia maji. Ilikuwa bado alasiri haijaingia.

Halafu Bi. Siwatu akaingia ndani, akafunga mlango, akaanza eda yake.

Siku moja, sisi tukiwa hatupo, mtu atachimba pale msingi wa nyumba yake au shimo la taka, na jembe litagonga. Ataisugua kwenye suruali, ataitazama, na wakubwa wake watamwuliza ni nani huyu. Basi namwachia jibu hapa asipate tabu. Ni Mwinyimvua, fundi mwashi, mume wa Siwatu. Amrudishe alipomkuta.